Sanamu ya Askari na Jina la Askari

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maofisa, masajini, makoplo na askari wa jeshi na polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na katika lindo: mazungumzo ya leo yametokana na swali niliyoulizwa na mmoja wenu. Ni sajini mmoja, mkazi wa Kamenge, tunayekutana naye mara kwa mara katika kibanda cha chai kilicho karibu na Hospitali ya Kijeshi. Sajini huyo alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, alikomsindikiza shemeji yake kununua vitenge Kariakoo, na katika kutembea kwao mjini waliiona Sanamu ya Askari. Aliizunguka mara mbili, akatazama juu na chini, kisha akaondoka na neno moyoni. Tulipokutana alisema: "Ndugu mwandishi, wewe ni mtu wa vitabu. Yule askari wa shaba jina lake nani?"

Nikamjibu kwamba hana jina. Naye akasema: "Basi wameijengea bunduki."

Nilicheka wakati ule. Baadaye nilipolala nikaona kwamba neno la sajini halikuwa la kuchekesha hata kidogo, na kwamba jibu langu lilikuwa fupi mno. Hili hapa jibu refu.

Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927, katika siku za utawala wa Waingereza. Mchongaji wake ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Inamwonyesha askari Mwafrika aliyevaa sare ya Vita Kuu ya Kwanza, ameinama mbele kidogo, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Kwa kazi ya mikono, ni sanamu nzuri, na kila aliyewahi kushika silaha atakiri kwamba miguu ya askari yule imekaa kama miguu ya mtu anayejua anachofanya. Nairobi na Mombasa pia zilipata sanamu za namna hiyo, na kule wapagazi nao walipewa nafasi yao pembeni ya askari. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalitungwa na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, Rudyard Kipling, yakawekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Maneno hayo yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Wasikilizaji, tuitazame ahadi hiyo kwa makini. Imechongwa chini ya mtu asiye na jina. Imeahidi kukumbuka jina, na katika mnara mzima hakuna hata jina moja la askari. Wala jambo hilo halikuwa la kusahau. Baada ya vita ile, tume ya Uingereza iliyokabidhiwa makaburi ya vita iliwapa askari Wazungu kila mtu jiwe lake au mstari wake katika orodha. Kwa Waafrika wa Mashariki, viongozi wa wakati ule walikata shauri kwamba sanamu moja ya pamoja ingetosha. Kwa hiyo sanamu haikuja kuongezea heshima ya majina. Ilikuja kukaa mahali pa majina. Tume yenyewe, ambayo leo inaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilichunguza jambo hili na mwezi Aprili 2021 ikaomba radhi hadharani. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo imekuja baada ya zaidi ya miaka mia, wakati hapana hata mjane mmoja aliyebaki wa kuipokea.

Lakini kabla ya askari huyo wa Waingereza, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu nyingine, na hiyo ndiyo ningependa maofisa waifikirie. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, ofisa aliyeletwa mwaka 1889 kuwavunja watu wa pwani waliokuwa wameinuka pamoja na Abushiri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo, na Wissmann baadaye akawa gavana. Jeshi alilolitumia halikuwa la Wajerumani isipokuwa katika maofisa wake. Lilikuwa la Wasudani waliochukuliwa Misri, la vijana waliotolewa Msumbiji, na la watu wengine wa bara hili. Sasa, mchongaji aliwapangaje? Alimweka Wissmann juu kabisa, juu ya nguzo ya jiwe, amesimama wima, anatazama mbali. Chini, penye miguu ya nguzo, alimweka askari Mwafrika anayeifunika maiti ya simba kwa bendera ya Ujerumani, huku amemwinulia macho bwana wake. Mmoja ana jina lililochongwa. Mwingine kazi yake ni kutazama juu.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo wakaipeleka London kama nyara. Baadaye wakairudisha Ujerumani, nayo ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo hicho walifunga kamba wakaivuta chini. Wakubwa wa mji wakairudisha. Mwaka 1968 wakaivuta tena, na safari hii ikaenda ghalani, haikurudishwa tena mahali pake. Katika mji huohuo wa Hamburg, mwaka 1939, ilijengwa michongo ya ukutani katika kambi iliyopewa jina la Jenerali von Lettow-Vorbeck: ofisa wa Kijerumani na askari wanaomfuata, na wapagazi. Ni mpango uleule, mbele mwenye jina, nyuma wasio nalo.

Huenda msikilizaji akauliza, sisi wa Burundi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mji huu wa Bujumbura, uliokuwa ukiitwa Usumbura, ulianza kuwa mji pamoja na kituo cha jeshi la Wajerumani katika miaka ya mwisho ya 1890, na Kiswahili hiki ninachowasomea kilikuja kukaa hapa kwa vinywa vya wafanyabiashara wa Ujiji na pwani, na kwa vinywa vya askari hao. Kikosi cha tisa cha jeshi la Wajerumani kilikaa hapa. Na tusifichane, maana ninasema na watu wazima: askari yule tunayetaka jina lake hakuwa mtu wa kuonewa tu. Ndiye aliyeongozwa na Kapteni von Beringe kuchoma na kuteka, hata Mwami Mwezi Gisabo akalazimika kukubali masharti huko Kiganda mwezi Juni 1903. Ndiye aliyetumwa kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, ambako watu makumi ya maelfu walikufa, walio wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Bunduki ilikuwa yake, amri ilikuwa ya mwingine, na anayemkumbuka askari hana budi kuyakumbuka yote mawili.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yalivuka kutoka Kongo yakaichukua Usumbura, na siku chache baadaye Gitega, kisha yakasonga mashariki hata Tabora, iliyoanguka tarehe 19 Septemba. Fikirini picha hiyo. Waafrika waliovaa sare ya Ubelgiji wanawafukuza Waafrika waliovaa sare ya Ujerumani katika nchi isiyokuwa ya Mbelgiji wala ya Mjerumani, na pengine usiku wakitukanana kwa Kiswahili kutoka kilima hadi kilima. Mkuu wa majeshi hayo alikuwa Charles Tombeur. Mfalme wa Ubelgiji alimpa ubaroni pamoja na jina la mji, akaitwa Tombeur wa Tabora, na mwaka 1951, miaka minne baada ya kufa kwake, akajengewa mnara katika kitongoji cha Saint-Gilles, Brussels. Askari aliyeutwaa mji wa Tabora kwa miguu yake hakupewa jina la hata kijiji.

Na nyuma ya askari alikuwako mpagazi, ambaye yeye hata bunduki hakuwa nayo. Katika vita ile ya Tabora Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000, wakiwamo waliochukuliwa katika nchi yetu na ya Rwanda. Upande wa Waingereza walioandikishwa walikaribia milioni moja, na hesabu zao wenyewe zinakiri vifo vya watu wapatao 95,000, kwa maradhi ya tumbo, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kambi ya Kikosi cha Wapagazi ilikuwa Dar es Salaam, mahali ambapo wenyeji, kwa kulitamka jina la Kiingereza la kikosi hicho, walipaita Kariakoo. Pale ambapo shemeji yake sajini alikuwa akipatana bei ya vitenge ndipo walipokuwa wakilala wapagazi wakingojea kubebeshwa. Nilipomweleza hivyo sajini aliweka kikombe chini, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hakuna hata nchi moja duniani iliyowahi kuifanya kazi hii sawasawa.

Nikamwambia ipo moja iliyokaribia. Katika mji wa Boston, Marekani, mbele ya jengo la serikali ya jimbo, uko mnara wa shaba wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts na kamanda wake, Kanali Robert Gould Shaw. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1863, wakati Wamarekani wa kaskazini na wa kusini walipopigana kwa sababu ya utumwa. Askari wake walikuwa watu weusi, maofisa walikuwa Wazungu, na Shaw mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 25. Jioni ya tarehe 18 Julai 1863 walipewa amri ya kuishambulia ngome ya Wagner, katika jimbo la South Carolina, kwa kupita mchangani ufukweni. Shaw alitangulia mbele, akauawa juu ya ukuta wa ngome pamoja na askari wake wengi. Sajini William Carney, aliyekuwa amezaliwa mtumwa, aliiokota bendera, akapigwa risasi zaidi ya mara moja, na akairudisha. Nishani yake ya ushujaa aliipata mwaka 1900, miaka 37 baadaye. Maadui walimzika Shaw katika shimo moja na askari wake, wakidhani wanamdhalilisha. Baba yake aliposikia kwamba watu wanataka mwili ufukuliwe, alikataa, akasema hapana mahali bora pa kumlaza kuliko hapo alipo na askari wake.

Mchongaji, Augustus Saint-Gaudens, alikaa na kazi hiyo karibu miaka 14. Shaw yumo juu ya farasi, ni kweli. Lakini askari hawako chini ya miguu yake wala hawamtazami. Wanatembea pamoja naye, upande mmoja, mbele. Mchongaji aliwaita watu weusi wa kweli wakae mbele yake, akachonga vichwa vingi kabla ya kuchagua, na kwa hiyo kila uso una mwenyewe: huyu ana ndevu za mvi, yule ni kijana ambaye ndevu hazijaota. Mnara ulipozinduliwa tarehe 31 Mei 1897, wazee wa kikosi waliosalia walipita mbele yake kwa gwaride, na Carney akiwamo. Hata hivyo, majina ya maofisa Wazungu waliokufa yalikuwamo tangu siku ile. Majina ya askari weusi zaidi ya 60 yalichongwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa nyuma.

Kuna jambo jingine la kikosi hicho ambalo kwa maoni yangu linawahusu askari na polisi kuliko shaba yote. Waliandikishwa kwa ahadi ya mshahara sawa na wa askari Mzungu, yaani dola 13 kwa mwezi. Walipofika kazini waliambiwa ni dola 10, na katika hizo dola 3 zinakatwa za nguo. Hawakuasi, hawakutupa silaha, hawakuacha lindo. Walikataa tu kuupokea mshahara huo. Kwa muda wa miezi ipatayo 18 walipigana, wakazikana, na wake zao wakahangaika nyumbani, bila kugusa senti moja, na Kanali wao aliwaunga mkono katika kukataa huko. Mwaka 1864 Bunge la Marekani likakubali kuwalipa sawa. Nathubutu kusema kwamba siku ile ya malipo ilikuwa mnara wao wa kwanza, uliotangulia wa shaba kwa zaidi ya miaka 30.

Maana mshahara wa askari ni namna ya kumwita kwa jina. Mlipaji hawezi kulipa "askari" hivihivi; lazima afungue daftari, aulize wewe ni nani, wa kikosi gani, ulianza lini. Ndiyo sababu nasema tuufuate mshahara wa askari wa Kijerumani tuone ulikwenda wapi.

Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa bado na askari Waafrika zaidi ya 1,100, mbali na wapagazi. Fedha za kuwalipa hakuwa nazo, basi kila mtu aliandikiwa hati ya malimbikizo ya mshahara wake. Askari hao wakapitishwa katika Ziwa letu la Tanganyika hadi Kigoma, na kwa treni hadi Tabora kifungoni, na homa ya mafua ya mwaka ule ikawaua baadhi yao na hati zikiwa mifukoni. Jenerali alirudi Berlin mwezi Machi 1919, akapanda farasi, akashangiliwa barabarani. Maisha yake yote alisifu uaminifu wa askari wake. Alikufa mwezi Machi 1964, na katika mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa wangali hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu ndio waliokuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuleta kitu. Ndipo mlipaji akapata shauri: kila mzee aliyedai alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani atoe heshima za silaha. Hapana hata mmoja aliyekosea.

Watu hukisimulia kisa hicho kwa kicheko, na mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka. Sasa kinanikera. Mzee wa miaka 70 anasimamishwa na ufagio begani mbele ya karani ili athibitishe kwamba alikuwa mtu wa jeshi, kwa kuwa jeshi lenyewe halikuhifadhi jina lake.

Yuko mmoja aliyekwenda kudai mapema zaidi, tena mlangoni kwao. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyekuja kujulikana kama Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Wajerumani. Vita ilipoanza alikuwa mtoto wa miaka 10, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, akatekwa. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Ujerumani, akaenda kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, Berlin, kudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa muda wa kudai umekwisha. Akabaki Berlin, akiwa mwandazi katika hoteli, mfundishaji wa Kiswahili chuo kikuu, na mwigizaji katika filamu. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Wanazi, alikamatwa kwa sababu ya mahusiano yake na mwanamke Mzungu, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 2007, mbele ya nyumba aliyowahi kukaa katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kiliwekwa kijiwe chenye bamba la shaba ya njano. Hakizidi ukubwa wa kiganja, nacho kimelazwa chini katika njia ya watu wa miguu. Juu yake limeandikwa jina lake, mwaka wa kuzaliwa kwake, na mahali alipofia. Hakuna farasi, simba wala bendera.

Burundi ilipeleka kikosi chake cha kwanza Mogadishu mwezi Desemba 2007, na tangu hapo wako waliokwenda na hawakurudi kwa miguu yao. Sajini wangu alikuwa mmoja wa waliokwenda. Nilipomaliza kumsimulia habari za Husen, alitoa mfukoni daftari dogo la jalada jeusi, akaniomba nimwandikie jina hilo. Ukurasa alionifungulia ulikuwa na majina mengine tayari, kwa mwandiko wake, kila jina na tarehe yake na mahali. Nikaandika la Husen chini ya hayo. Akasoma kama nimeandika sawasawa, akanirudishia kalamu, akalipa chai zote mbili.